Urusi kwa gari: Petersburg, Pete ya Dhahabu, Kazan au kusini? Leteni ulinganisho

Mwana_Pangani (Moscow)

Wakuu, heshima kwenu wote. Nasoma Moscow, na tumekubaliana watu wanne kukodi gari mwishoni mwa Juni mitihani ikishapita. Nchi hii mpaka sasa naijua kwa metro na kwa dirisha la treni. Sasa tunataka barabara: tusimame tunapotaka, tule tunapoona moshi, tulale mji ambao hatukuupanga.

Njia zilizo mezani ni nne na kundi limeshagawanyika. Kuna wa St. Petersburg kupitia Tver na Veliky Novgorod, kilomita kama 700. Kuna wa Pete ya Dhahabu, ule mzunguko wa miji ya kale kaskazini-mashariki ya Moscow: Sergiev Posad, Pereslavl-Zalessky, Rostov, Yaroslavl, Kostroma, Ivanovo, Suzdal, Vladimir, halafu unarudi ulikotoka. Mimi roho yangu iko mashariki, Vladimir na Nizhny Novgorod hadi Kazan, kilomita 800 hivi kwenda tu. Na mwenzetu mmoja haambiwi kitu, anataka kusini mpaka Volgograd akaone lile sanamu la mama mwenye upanga.

Tovuti za utalii nimezisoma hadi zimenichosha. Ninachoomba ni mtu aliyeingia miji hii kwa gari aniambie alipokelewa na nini. Barabara ikoje, mji unaonekanaje ukiutokea ukiwa kwenye usukani, na kama angepewa safari moja tu angeitumia wapi.

Dereva_Tunduma (Mbeya)

Mimi Urusi sijafika, ila barabara ndiyo ugali wangu, basi niulize kabla wenyeji hawajaja. Gari gani? Nani anaendesha? Na mmekumbuka kwamba huko wanakwenda mkono wa kulia? Mimi nikivuka Kasumbalesa kuingia Kongo ndipo nabadili upande. Kwenye barabara kuu hakuna shida, unafuata wenzako. Shida iko alfajiri ukitoka sheli, barabara tupu, usingizi bado machoni. Hapo ndipo mtu anaingia upande wa kwao na kukutana uso kwa uso na semi.

Mwana_Pangani

Umenena mkuu. Gari dogo la kawaida, gia otomatiki. Waendeshaji ni wawili, na mmoja ni Mrundi, kwao ni kulia tangu azaliwe. Zamu za alfajiri nitamwachia yeye.

Mzee_wa_Lumumba (Morogoro)

Vijana hamjambo. Nilisoma Moscow miaka ya themanini, chuo kikiwa bado kinaitwa Patrice Lumumba. Jina walilifuta 1992, wakalirudisha 2023, nami tangu hapo najisikia nina chuo tena. Nimerudi huko uzeeni, na safari hiyo nilizungushwa kwa gari na rafiki niliyekaa naye bweni moja.

Kabla ya kulinganisha miji, pimeni kwanza gari litawapa nini ambacho treni haitawapa. Petersburg treni ya Sapsan inawafikisha kwa saa nne hivi huku mnakunywa chai. Kazan kuna treni za usiku, unalala Moscow unaamka kwa Watatari, wenyeji wa huko. Lakini Suzdal haina stesheni kabisa. Reli ya Moscow kwenda Nizhny ilipokamilika 1862 ilipita Vladimir ikauacha Suzdal pembeni, biashara ikahama, viwanda havikuja. Ndiyo sababu mpaka leo ni mji wa watu kama elfu kumi, wenye makanisa kila upande unaogeukia, na hakuna ghorofa refu la kuziba hata kuba moja.

Mmeuliza kitu cha kwanza. Ukitoka Vladimir kuelekea kaskazini, mwendo wa nusu saa hivi, msitu unakatika ghafla na mashamba yanafunguka mbele yako, mepesi, ya mawimbi. Halafu kuba zinaanza kuchomoza juu ya majani, moja baada ya nyingine, mji wenyewe hujauona bado. Rafiki yangu alizima redio bila kuombwa. Mle ndani kuna kijito kinaitwa Kamenka, nyumba za mbao zenye fremu za madirisha zilizochongwa kwa mikono, na bibi wanaouza matango barabarani, maana Suzdal ni mji wa matango, hata sikukuu yake wanayo mwezi wa Julai. Kuna kinywaji chao cha asali, medovukha. Kinalewesha, dereva asiguse. Sheria ya Urusi kwa kipimo cha pumzi haina huruma, glasi moja inatosha kukuharibia safari nzima.

Kuhusu Nizhny Novgorod nina donge langu. Enzi zetu mwanafunzi wa kigeni alihitaji kibali kutoka nje ya mji aliosomea, na Nizhny, ambayo wakati huo iliitwa Gorky, ilikuwa imefungwa kabisa kwa wageni. Ndiko walikompeleka Sakharov, yule mwanafizikia aliyeipinga serikali, mwaka 1980 ili waandishi wa nje wasimfikie. Kwa hiyo niliishi nchi ile miaka yote ile nikauona mji huo kwenye ramani tu. Nilipoufikia na mvi zangu nilisimama juu ya kilima pale mto Oka unapoingia Volga, nikawa kama mtoto.

Kasongo_Lushi (St. Petersburg)

Wandugu jambo. Mzee shikamoo. Jina la Lumumba likitajwa Mukongomani lazima asimame kwanza. Na wewe Dereva wa Kasumbalesa, ile mipaka naijua, pole na ile foleni!

Sasa niseme ya upande wangu, na sitawapamba. Kuna barabara mbili kutoka Moscow kuja huku. M11 ni mpya, ya kulipia, kilomita 669, walimaliza kuifungua 2019. Vipande vingi wanaruhusu 130 kwa saa, lami haina kiraka. Na hutaona KITU. Uzio, msitu, uzio, msitu, sheli, uzio. Unafika umechoka kwa kuboreka, si kwa kuendesha.

M10 ya zamani ndiyo yenye watu. Inapita katikati ya miji, kwa hiyo mwendo ni 60, kuna taa, kuna malori, kuna kamera kila mahali. Lakini kuna Torzhok, kuna Valdai yenye ziwa na monasteri ndani ya kisiwa, na kuna kijiji kinaitwa Kresttsy. Hapo punguzeni mwendo. Kina mama wamepanga meza kando ya barabara, juu ya meza samovar za kuni, yaani mabirika makubwa ya chai, kila moja ina bomba lake la bati linatoa moshi wa kuni. Wanakumiminia chai na kukuuzia mikate yenye kabeji, uyoga, tufaha. Biashara ile iliishi kwa wasafiri wa M10, na tangu M11 ifunguliwe wengi wao wanapita msituni huko bila kujua kwamba hapa kuna chai.

Halafu Veliky Novgorod. Watu wanaruka mji huu, sijui kwa nini. Kanisa lao la Mtakatifu Sofia lilijengwa 1045 hadi 1050, ngome ya matofali mekundu imelizunguka, mto Volkhov uko chini yake. Kilichonishika mimi kilikuwa ndani ya makumbusho: maganda ya mti wa betula yaliyoandikwa kwa kukwaruza. La kwanza walilichimba 1951, na sasa yamepita elfu moja. Barua za madeni, barua za wapenzi, na daftari la mtoto wa karne ya 13 aitwaye Onfim. Alikuwa anajifunza herufi, akachoka, akajichora juu ya farasi anamchoma adui mkuki. Vidole vya yule adui hakuvihesabu vizuri. Nina mdogo wangu kule Lubumbashi anachora vilevile kabisa.

Petersburg yenyewe kwa gari? Hapana. Maegesho ya katikati ni ya kulipia na kuyapata ni vita. Usiku, kuanzia masika mpaka vuli, madaraja ya mto Neva yananyanyuliwa kupitisha meli, tangu saa saba za usiku hivi mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa umelala upande huu na gari uliliacha kisiwa cha Vasilyevsky, utalisalimia kwa mbali. Mwezi wa Juni jua linazama saa nne na nusu usiku na giza halifiki. Njoni kwa treni, tembeeni kwa miguu, mtanishukuru.

Mama_Safari (Nairobi)

Shikamoo Mzee. Mimi na mume wangu tulizunguka Pete ya Dhahabu kwa gari la kukodi, karibu yote. Nakubaliana na Mzee kuhusu Suzdal, ila naomba niwatahadharishe: miji minane ni mingi mno. Hilo jina la Pete ya Dhahabu lenyewe alilianzisha mwandishi wa gazeti mwaka 1967 alipozunguka kwa gari lake na kuandika makala. Si njia ya hija ya kale hivyo hamna dhambi mkikata kipande. Ukifika monasteri ya tano macho yamechoka, kuba ya buluu yenye nyota unaiangalia huku unawaza chakula.

Kwangu Rostov ilinishtua kuliko zote. Sio Rostov ya kusini, ni Rostov ndogo iliyo kando ya ziwa Nero. Tuliingia jioni, mji umechakaa, barabara za ndani zina mashimo ya kuvunja shokomzoba, nikaanza kununa. Kisha tukapanda boti. Ukiwa majini ndipo ngome inainuka mbele yako na minara yake yote, nyeupe, huku nyuma yake hakuna kingine. Nilimnyang'anya mume wangu kamera.

Yaroslavl ni mji mkubwa, msafi, una mto Volga na sehemu ya kutembea kando yake. Hapo tulifanya kitu cha kitoto. Noti ya ruble 1,000 ya zamani ina picha za Yaroslavl: mbele sanamu ya mtawala wa kale Yaroslav, nyuma kanisa la Yohana Mbatizaji na mnara wake wa kengele. Tukalitafuta hilo kanisa tuliweke sambamba na noti. Liko ng'ambo ya mto Kotorosl, matofali mekundu, kuba kumi na tano, na limesimama ubavuni mwa kiwanda cha rangi! Kwenye noti kiwanda hakimo, bila shaka.

Ivanovo pita tu, ni mji wa viwanda vya nguo. Pereslavl simama kama una mchana wa kupoteza.

Ya pesa: dhamana ya gari walitaka taslimu, na kampuni tuliyokodi, siitaji, ilitung'ang'ania kwa mkwaruzo uliokuwepo tangu mwanzo. Pigeni video ya gari lote kabla hamjaondoa hata mguu, chini ya bampa na rimu zote.

Mzee_wa_Lumumba

Marahaba mama. Ivanovo usiidharau. Kuna shule pale, Interdom, imeanzishwa 1933 kulea watoto wa wapigania uhuru na wanamapinduzi kutoka mabara yote, Afrika ikiwemo. Mimi nilisimamisha gari kwa ajili ya hiyo tu. Lakini kweli, kwa vijana wanne wenye njaa, mji hauna mengi.

Nyota_ya_Voronezh (Voronezh)

Niaje watu wangu. Mimi ni wa Eldoret, nasoma Voronezh, na ningependa sana kuwaambia mje huku. Mji una wanafunzi wengi Waafrika, wenyeji wamezoea sura zetu, hakuna wa kukukodolea macho kwa basi. Mfalme Petro Mkuu aliunda meli zake za kwanza za kivita hapa, na nakala ya mojawapo iko majini inatembelewa. Barabara ya M4 kutoka Moscow ni nzuri, ya kulipia kwa vipande, na mwezi wa Julai ukishafika kwenye udongo mweusi unaendesha katikati ya alizeti mpaka zinaisha kwenye anga.

Lakini msije mwaka huu. Nasema kama mtu anayelala hapa. Uwanja wa ndege wetu ulifungwa Februari 2022 vita vya Ukraine vilipoanza. Ving'ora vya droni ni jambo la kawaida usiku. Intaneti ya simu wanaizima bila taarifa, na ikizimwa ramani imekwenda, programu ya teksi imekwenda. Barabara hiihii ya M4 ndiyo msafara wa Wagner, wale mamluki walioasi, ulipita Juni 2023 ukielekea Moscow. Volgograd nako kuna kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho droni zinakifuata tena na tena. Lile sanamu la mama, juu ya kilima cha Mamayev Kurgan, lina mita 85 na limesimama tangu 1967, haliendi popote. Mwambieni mwenzenu asubiri.

Na neno la pembeni, halihusu barabara. Ukikutana na mtu anakupa mkataba wa kazi ya haraka yenye mshahara mnono, umeandikwa Kirusi usichokielewa, usisaini. Wakenya wenzangu waliahidiwa kazi za kawaida wakajikuta wamevaa magwanda. Serikali yetu mwaka 2025 ilisema huenda ni zaidi ya 200.

Mwana_Pangani

Nyota asante kwa ukweli. Nimemsomea yule mwenzetu ujumbe wako kwa sauti. Amenuna lakini amenyamaza.

Kwa hiyo kusini imetoka. Petersburg Kasongo mwenyewe ameitoa kwenye gari. Zimebaki Pete ya Dhahabu na Kazan. Kuna aliyefanya Kazan kwa gari?

Bi_Kibibi (Kazan)

Asalaam aleikum. Mzee shikamoo. Mimi wa Mombasa, nasoma udaktari hapa Kazan, na njia hiyo nimeipita na wenzangu mara kadhaa, kwa M7 ya zamani na kwa M12 mpya.

Nianze na tofauti ya hizo mbili maana ndiyo itakayoamua safari yenu. M12 ilifunguliwa mpaka Kazan Desemba 2023. Inapita kusini, upande wa Murom na Arzamas, na Nizhny haiigusi hata kidogo. Vizuizi vya kulipia hamna, kamera zinasoma namba ya gari na wewe unalipa baadaye mtandaoni, mna siku chache tu, mkisahau inakuwa faini. Ulizeni mwenye gari kama lina kile kifaa cha kulipia kinachobandikwa kioo cha mbele. Ni barabara ya mtu mwenye haraka. M7 inapita Vladimir, Nizhny na Cheboksary, ndiyo yenye miji. Kwa hiyo mkija kwa M12 mtakuwa mmelipa pesa nyingi ili msione mliyokuja kuyaona. Nendeni kwa ya zamani, rudini kwa mpya.

Msitoke Moscow Ijumaa jioni! Jiji zima linakwenda kwenye vibanda vyao vya shamba na M7 inasimama mpaka mvuke unatoka kichwani. Tokeni Jumamosi alfajiri, na alfajiri huku mwezi wa Juni ni mapema mno. Hapa Kazan jua linachomoza saa tisa usiku. Wanaosali mjue ratiba yenu itapinduka, baina ya Isha na Subhi hakuna nafasi ya kulala.

Vladimir mtaingia na kukuta Lango la Dhahabu, la mwaka 1164, limesimama katikati ya barabara na magari yanalizunguka pande mbili. Mjini mwetu lingekuwa limezungushiwa ukuta na tiketi. Nje kidogo, Bogolyubovo, kuna kanisa dogo jeupe kando ya mto Nerl. Gari halifiki, mnaliacha na kukata nyika kwa miguu kama kilomita moja na nusu. Mimi si Mkristo na bado nilikaa pale hadi wenzangu wakaniita. Linasimama peke yake kwenye majani na maji, basi.

Kutoka hapo pindeni Suzdal, Mzee ameshasema yote.

Nizhny mtaingilia upande wa bondeni, maghorofa ya Kisovieti, viwanda, foleni, mtaona mji wa kawaida kabisa. Kisha mnapanda daraja la Oka na ukingo wa pili unainuka mbele yenu, kilima kizima, ngome nyekundu juu yake imeshuka kufuata mteremko. Liacheni gari hotelini. Kuna ngazi za Chkalov, 560, zinashuka toka ngome hadi Volga. Kuna gari la kamba la kuvuka mto kwenda mji wa Bor, zaidi ya kilomita tatu na nusu angani, na wenyeji wanalipanda kwenda kazini na mifuko ya sokoni. Kibanda kidogo, upande mmoja bibi na ndoo yake ya stroberi, upande wa pili wewe unashikilia kiti huku anakucheka. Mimi Nizhny naipenda kuliko Kazan ninayoishi, lakini msimwambie mtu hapa.

Kazan sasa. Vibao vya barabarani vinaanza kuwa na lugha mbili, Kirusi na Kitatari, ndipo mnajua mmeingia kwa wenyewe. Ndani ya ngome moja kuna kanisa kuu la karne ya 16 na msikiti wa Kul Sharif wenye kuba na ncha za minara za buluu, uliofunguliwa 2005. Mfalme wa Urusi, Ivan wa Kutisha, aliuteka mji huu 1552 na watu bado wanaukumbuka mwaka huo. Lakini kuna msikiti mwingine mdogo mjini, Marjani, wa miaka ya 1760, ulijengwa kwa idhini ya malkia Catherine, na mimi huwa napeleka wageni huko kwanza. Umepakwa rangi nyepesi, ndani mapambo ya maua, utadhani ni ukumbi wa harusi.

Chakula hamtahangaika, halali iko kila mtaa. Tafuteni echpochmak, pembetatu ya unga yenye nyama, viazi na kitunguu iliyookwa, ina kitundu juu ambacho wanamiminia supu. Ile ya kula kwa mkono ikikumwagikia supu ya moto ndiyo halisi. Waulizeni soseji ni ya nyama gani, ya farasi inapendwa sana hapa.

Na kama mna siku ya ziada, Bolgar. Ni magofu kando ya Volga, kusini ya Kazan, mwendo wa saa mbili na nusu au zaidi. Watu wa pale walisilimu rasmi 922, na mjumbe wa Baghdad aliyekuja mwaka huo, Ibn Fadlan, aliandika safari yake. Aliandika pia kuhusu usiku mfupi, kwamba hakupata nafasi baina ya sala. Basi hamtakuwa wa kwanza kulalamika.

Ya usalama nisifiche: Desemba 2024 droni ziligonga maghorofa hapahapa Kazan. Ni mbali zaidi na vita kuliko Voronezh, lakini mbali si kinga.

Dereva_Tunduma

Bi Kibibi umeandika kama mtu wa barabara. Na hao kina mama wa samovar wa Kasongo wamenifanya nicheke, hao ni Ruaha Mbuyuni yetu na vitunguu vyake, siku wakichepusha barabara ile kutakuwa kilio.

Nauliza mafuta na trafiki.

Kasongo_Lushi

Mafuta: unalipa kwanza dirishani, unataja namba ya pampu na lita, ndipo unajaza. Gari dogo ni petroli ya daraja la 92 au 95, soma ndani ya kifuniko. Ruble sitini na kitu lita moja, nafuu kuliko kwenu na kwetu.

Trafiki: taa za mbele ziwake hata mchana wa jua kali, ni sheria, faini ipo. Mjini 60, nje 90, barabara kubwa 110. Kila mtu anazidisha kidogo kwa sababu faini ya mwendo inaanza ukizidisha zaidi ya 20, lakini nyinyi msicheze mchezo huo, tochi za huku hazina mtu wa kuongea naye. Kamera inapiga, karatasi inakwenda kwa mwenye gari, naye anakata kwenye dhamana yenu. Nyingine zinapima wastani baina ya nguzo mbili, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera hakusaidii. Zebra wanasimama kweli, simameni na nyinyi.

Mama_Safari

Nyongeza: dola ziwe mpya, bila mkunjo wala muhuri, benki zinakataa noti chakavu. Na pakueni ramani za Yandex kwenye simu kabla, zifanye kazi bila bando. Katikati ya Moscow ramani yetu ilituruka ghafla ikatuonyesha tuko uwanja wa ndege. Wanavuruga mawimbi, kwa hiyo mpaka mtoke jijini someni vibao.

Bi_Kibibi

Na nyinyi wanafunzi: toeni taarifa ofisi ya wageni ya chuo kabla ya kuondoka, laleni hoteli zinazosajili wageni, tunzeni karatasi mnazopewa na mzirudishe chuoni. Kadi ya uhamiaji isitoke mfukoni. Nimeona mtu akisumbuliwa kwa hiyo, si kwa mwendo kasi.

Mwana_Pangani

Wakuu, tumekaa tumeamua. Jumamosi alfajiri M7 ya zamani, Vladimir na matembezi ya Nerl, kulala Suzdal, Nizhny siku mbili kwa heshima ya Mzee, Cheboksary kupita tu, Kazan. Bolgar tukiwa na nguvu. Kurudi M12 moja kwa moja. Rostov ya Mama Safari imeniuma kuiacha, hiyo nitaiendea wikiendi na treni maana stesheni inayo. Petersburg ni Sapsan mwezi wa Agosti, Kasongo uandae chai.

Mzee_wa_Lumumba

Nizhny mkasimame pale juu magharibi jua likizama. Msiende na haraka.

Dereva_Tunduma

Ombi langu moja. KAMAZ, yale malori, inatengenezwa hukohuko Tatarstan, Naberezhnye Chelny. Mkifika Kazan si ni hapo tu?

Bi_Kibibi

Ni kilomita 240 mbele zaidi kaka yangu, na kurudi vilevile.

Mwana_Pangani

Chelny haimo kwenye bajeti, mkuu. Ila kwenye M7 zitakuwa zimejaa, nitakupigia picha kila tutakayoiovateki.

Dereva_Tunduma

Mtakazofanikiwa kuziovateki.